Masika Dada Alipoacha Kuuliza Bei

Machi 4, Jumatatu

Nimeendesha lori milimani na matopeni, nimepita madaraja ambayo hata mbuzi angefikiri mara mbili, na sikuwahi kupata hata mkwaruzo. Kisha juma lililopita nikavunjika mguu nikishuka kwenye lori lililosimama, limezimwa, limevutwa breki, mbele ya kibanda cha chai. Daktari amenipiga plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti na kuniambia nitulie. Bosi alinipa pole kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akampa funguo dereva mwingine. Sina mke wa kuninunia wala mtoto wa kunitania, kwa hiyo nimeletwa kwa mdogo wangu wa kike na kulazwa sebuleni kwenye kochi.

Dada ni dobi. Uani ana mashine moja ya kufulia, aliyoichukua kwa mkopo wa duka na bado anailipa kila mwezi, na kamba tano za kuanikia. Mvua ikinyesha, kamba tatu huhamia sebuleni, na sebuleni ndiko niliko mimi. Nalala chini ya shuka za watu nisiowajua.

Binti yake, ambaye mtaa mzima unamwita Vidole kwa jinsi anavyobonyeza simu, ameniletea daftari. "Mjomba, andika. Ukiandika utalalamika kidogo."

Haya, naandika. Kulalamika sijaacha.

Machi 5

Mvua.

Machi 6

Mvua. Shuka za jana bado mbichi. Alasiri nilisinzia, moja ikanidondokea usoni, nikaamka nikidhani tayari nimevishwa sanda.

Machi 9, Jumamosi

Amekuja Madamu, mwenye nyumba ya wageni ya pale kona. Robo tatu ya kazi ya dada ni shuka zake, kwa hiyo akipiga chafya, humu ndani tunapata mafua. Alisimama mlangoni akikung'uta mwavuli, akakataa kiti.

"Mama Vidole, wageni wangu hawalali kwenye shuka zenye unyevu. Juzi mmoja kaniuliza kama nimemtandikia taulo."

"Madamu, si mimi. Ni mbingu hiyo."

"Mbingu sina mkataba nayo. Mkataba ninao na wewe, na unaisha mwisho wa Juni. Ukiwa na mashine ya kukaushia, tunaendelea. Ukiwa huna, nampa yule wa mjini mwenye gari lake."

Alipoondoka nilimsema mpaka koo likakauka, kitu pekee kilichokauka humu leo. Dada hakumsema. Alishika pembe ya shuka, akaiweka shavuni, akasema, "Ana haki, kaka. Mimi mwenyewe nisingelalia hii."

Machi 13, Jumatano

Lazima nieleze jinsi dada yangu anavyonunua vitu, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Hajawahi kununua kitu mahali alipokiuliza kwanza. Akitaka nyanya atapita soko zima, atabonyeza, atacheka, atajifanya anaondoka, kisha atarudi kwa muuzaji wa kwanza akiwa na bei za wenzake wote kichwani. Tulipokuwa vijana nilikuwa naona haya kuongozana naye. Nilitembea hatua kumi nyuma kama mtu asiyemfahamu. Lakini nyumba hii kajenga kwa mtindo huo huo, bati moja moja, kwa bei ambazo wenye maduka hawapendi kukumbushwa.

Sasa anataka mkopo wa mashine ya kukaushia, na anautafuta kama nyanya. Amekwenda benki mbili. Amekwenda kampuni ya mikopo iliyo juu ya duka la viatu. Amekwenda duka la vyombo vya umeme. Na Vidole amemjazia maombi ya mikopo mitatu kwenye simu, huku wamekaa kando ya mguu wangu wakila karanga.

"Hapa wanasema, nakubali taarifa zangu za mikopo ziangaliwe."

"Kubali. Mimi sina cha kuficha. Waangalie mpaka wachoke."

Mimi nami, kwa ujuaji wangu, nikampa moyo: "Uliza kote. Kuuliza si ujinga."

"Na wewe ungekuwa unauliza," akasema, "usingelipa bei ya redio mbili kwa redio moja isiyoshika stesheni."

Machi 15

Majibu yameanza kuingia. "Samahani, kwa sasa hatuwezi." Mvua.

Machi 16

Samahani nyingine tatu. Dada anasema simu imejifunza neno moja tu.

Machi 18, Jumatatu

Leo dada amerudi kutoka chama cha akiba na mikopo, mlango wa nane kwa hesabu yake, akaketi kwenye mkono wa kochi bila kuvua koti lililolowa. Kimya. Sijawahi kumwona dada akikaa kimya akiwa macho. Nikadhani kuna msiba.

Vidole akampa chai. Akanywa, kisha akatusimulia, na kama kawaida yake akawaigiza watu wote.

Kumbe afisa mikopo wa pale ni mwanamke kijana mwenye miwani ya kamba shingoni. Alipokea kitambulisho, akaweka mikono kwenye kompyuta, halafu kabla hajabonyeza akauliza, "Mama, umeshaomba wapi kwingine?" Dada, kwa fahari, akamtajia zote saba. Ndipo yule binti akanyanyua mikono yake, akarudisha kitambulisho juu ya meza.

"Basi mimi siangalii," akasema. "Nikiangalia nitakuumiza."

Akamweleza. Kila mkopaji ana alama zake, kama mwanafunzi. Ukilipa kwa wakati zinapanda, ukichelewa zinashuka. Hilo dada alilijua. Asilolijua ni kwamba kila unapoomba mkopo na kukubali wakuangalie, kule kuangalia kwenyewe kunaandikwa, na kunakula pointi chache. Anayekuja nyuma anaona wangapi wamemtangulia.

"Akiona wenzake saba wameangalia ndani ya wiki mbili," alisema afisa, "hajui kwamba unalinganisha bei, mama. Anaona mtu anayekimbia huku na huku kutafuta hela."

"Nikamwambia, mwanangu, mimi sikukimbia popote, nilikuwa nauliza bei tu. Sokoni nauliza kwa watu ishirini na hakuna anayekasirika."

"Akasemaje?"

"Akasema, mama, nyanya hazikuandiki."

Yangekuwa maombi ya mkopo wa aina moja tu, wa siku zile zile, huenda yangehesabiwa kama moja. Lakini dada aliomba wa biashara huku, wa simu pale, wa vyombo vya nyumbani kule. Afisa akamwonyesha jinsi ya kutazama alama zake mwenyewe. Chama chao kina mstari, aliye chini yake hapewi. Dada yuko chini kwa pointi kumi na moja. Kabla ya kuanza kuulizia, alikuwa juu.

Hapo niliona aibu ya ushauri wangu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mimi ndiye niliyekuwa nashangilia anayechovya.

Lakini sikilizeni alichofanya. Mtu mwingine angelia pale pale, au angegombana na yule binti. Mimi ningegombana. Dada alimuuliza maswali matatu. La kwanza, zitarudi baada ya muda gani? Akajibiwa, ukitulia kama miezi mitatu, usiombe popote, na ulipe mkopo wa mashine ya kufulia bila kuchelewa hata siku moja, zitapanda. La pili, nikijiangalia mwenyewe, je? Akajibiwa, hiyo haihesabiwi, jiangalie hata kila siku. La tatu ndilo lililoniacha hoi. Alimuuliza, "Na wewe, mwanangu, kwa kuninyima leo, hujajiharibia kazi?"

Yule binti akacheka, akasema, "Rudi Juni, mama, utanitengenezea."

Machi 19, Jumanne

Asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, dada alinijia na kitambulisho chake kimefungwa kwenye nailoni.

"Kaka, kaa nacho hiki. Nikikitaka, usinipe."

"Na ukinilazimisha?"

"Una magongo. Nipige."

Anajijua. Anasema akipita mbele ya dirisha la mkopo akiwa na kitambulisho mkobani, ulimi utauliza wenyewe. Nilitazama huku na huku nitakiweka wapi, mwishowe nikakichomeka ndani ya plasta, kwenye paja, panapoachia kidogo.

"Hapo hapapiti mtu," nikasema.

"Hapo hata mwenyewe sitaki kupita," akasema, akaenda kufua.

Machi 23, Jumamosi

Mvua. Shuka kumi na mbili hazijakauka tangu Alhamisi. Nyumba inanuka soksi.

Ng'ambo ya barabara kuna mwoka mikate, pande la mtu, nyusi nyeupe kwa unga. Juu ya tanuri lake ana chumba cha kuwekea magunia. Leo dada alikwenda kununua mkate, akarudi bila mkate. Alikuwa ameinusa hewa ya kile chumba. Mwokaji huzima tanuri saa tano asubuhi, na chumba kile hubaki na joto mpaka jioni.

Wamekubaliana hivi: dada atakausha shuka mle kila siku mwokaji akimaliza kuoka, naye atamfulia aproni zote na vitambaa vya kufunikia unga. Hakuna hela iliyotoka mkono huu kwenda ule.

"Hakukuomba kitambulisho?" nikamtania.

"Aliniomba niache kumbonyezea mikate," akasema.

Machi 26

Kamba za sebuleni zimetolewa. Naiona dari. Ina madoa, lakini ni dari.

Aprili 2, Jumanne

Madamu amekuja tena, mwavuli ule ule. Nikajiandaa kwa vita, nikavuta gongo karibu.

"Mama Vidole, shuka zako zinanuka mkate."

Dada akashusha beseni. "Madamu, nitazisuuza upya."

"Usithubutu. Mgeni wa chumba namba nne kaongeza siku mbili. Anasema hajalala vizuri hivyo tangu alipokuwa mtoto. Tatizo ni kwamba wote wanaamka na njaa, na mimi chai ya asubuhi naitoa bure."

Akakubali kiti kwa mara ya kwanza. Lakini mashine ya Juni hakuisahau. "Mkate ni mzuri, ila tanuri si lako. Siku likigoma, tutafanyaje?" Simpendi huyu mwanamke, lakini hakuna anachosema ambacho si kweli.

Aprili 6, Jumamosi

Kila Jumamosi sasa Vidole anamfungulia mama yake alama zake kwenye simu, kama wanavyopeleka mtoto mchanga kliniki kupimwa uzito. Leo amepanda pointi mbili. Dada alizunguka nyumba nzima akiimba. Pointi mbili!

Aprili 11

Mvua. Simu imeleta ujumbe: "Hongera! Umechaguliwa kupata mkopo wa papo hapo." Dada akausoma. "Nani kanichagua na hajaniona?" Akamwambia Vidole aufute.

Aprili 16

Tanuri limekufa. Fundi anasema kesho.

Aprili 17

Fundi anasema kesho.

Aprili 18, Alhamisi

Nitaandika yote, ingawa mkono umechoka kwa sababu itakayojulikana.

Madamu ana wageni wa mkutano wanaoingia kesho, vyumba vyote vimejaa. Shuka zote ziko huku, zote mbichi, mvua haijakatika tangu juzi, na fundi bado kalala kifudifudi ndani ya tanuri. Kamba zimerudi sebuleni. Dada alikuwa amekamua kwa mikono mpaka vidole vimefanya makunyanzi.

Kama saa saba mchana likaja gari la duka la vyombo vya umeme. Muuzaji akashuka chini ya mwavuli wa kampuni, tabasamu mpaka masikioni. Alikuwa amesikia, mtaani hakuna siri.

"Mama Vidole, mashine ya kukaushia iko humu garini. Mara ya kwanza wenzangu walikukatalia, lakini sasa tuna mpango mwingine, riba imechangamka kidogo tu. Nipe kitambulisho, tunaangalia taarifa zako dakika mbili, saa tisa unakausha."

Mashine niliiona mimi mwenyewe kupitia dirishani, nyeupe, ina dirisha la duara.

Dada akaja kwenye kochi, akanyoosha mkono. "Kaka, nipe."

"Ulisema nisikupe."

"Najua nilichosema. Nipe."

Sikumpiga gongo. Nani angempiga? Niliingiza vidole ndani ya plasta, nikakichomoa, nikakishika mbele yake. Kilikuwa na joto na jasho langu. Yeye hakukichukua. Alikitazama tu, maji yakimdondoka kwenye mikono ya gauni. Nje yule muuzaji akapiga honi.

"Mwezi mzima nimekaa kimya," akasema polepole. "Mimi! Mwezi mzima nimepita sokoni mdomo nimeufunga. Nimepanda pointi nne. Sasa niziuze kwa dakika mbili?"

Akaufunga mkono wangu juu ya kitambulisho. "Kirudishe huko kunakonuka."

Nikamsikia mlangoni: "Baba, nashukuru kwa safari. Mvua ikiisha nitakuja mwenyewe." Muuzaji akasema bei haitakuwa hii tena. Dada akasema, "Natumaini hivyo." Hata mimi nilicheka, na roho ilikuwa juu.

Kisha akaleta pasi. Moja yake, moja ya jirani, moja aliitoa mwokaji ambaye alikuja na mikono yake minene, hana cha kuoka. Vidole akaomba ruhusa dukani anakouza simu. Meza zilikuwa mbili, tukapungukiwa. Dada akanitazama, akauzungushia mguu wangu blanketi, akautandikia foronya juu ya plasta.

"Huo mguu mgumu. Fanya kazi."

Nimepiga pasi foronya zote za nyumba ya wageni juu ya mguu wangu mwenyewe. Mvuke ulijaa sebule nzima. Mwokaji aliunguza shuka moja, akaapa kuilipa kwa mikate. Dada alikuwa akiruka kutoka pasi hii kwenda ile, anakunja, anaweka shuka shavuni kujua kama imekauka, hajalalamika hata mara moja. Giza lilipoingia shuka zote zilikuwa zimekunjwa, kavu, zimepangwa kwenye kitanda chake kwa sababu ndipo pakavu pekee.

Nimemfahamu dada yangu tangu alipozaliwa, nami siku zote nilidhani yeye ni mdomo tu. Leo nimemwona. Najivunia mpaka naona haya, na sijui nimwambieje, kwa hiyo namwandika hapa.

Aprili 19

Tanuri limepona. Madamu hajalalamika, jambo ambalo kwake ni sawa na kupiga vigelegele.

Aprili 27

Pointi moja.

Mei 4

Hakuna pointi. Dada kasema mtoto naye huwa haongezeki kila wiki.

Mei 7, Jumanne

Leo amenitembelea dalali wa magari, rafiki wa barabarani wa miaka mingi. Kaniletea machungwa na habari. Kuna mtu anauza nusu ya lori, nami naweza kuwa mwenye nusu hiyo na dereva wake. Mkopeshaji amepatikana. Amebaki mdhamini tu.

"Dada yako," akasema. "Analipa kwa wakati, mtaa mzima unajua. Kitambulisho chake tu, mambo yamekwisha."

"Wataangalia taarifa zake?"

"Lazima. Mdhamini naye huangaliwa. Dakika mbili."

Dakika mbili, tena. Kitambulisho kilikuwa pajani kwangu, nakihisi kwa kila pumzi. Dada alikuwa kwa mwokaji. Nisingekuwa na haja hata ya kukiiba. Ningemwomba, angekubali kabla sijamaliza sentensi, angesema lori lako kwanza, kaka, mashine yangu itasubiri. Na ndio ubaya wake.

Nikamwambia dalali hapana. Akabembeleza, kisha akakasirika. "Utakufa dereva wa watu!" Akaondoka, lakini machungwa aliyaacha.

Nililitaka lile lori. Nimekaa nimenuna mchana kutwa, nimemfokea Vidole, nimeifokea hata mvua. Nimemwona mtu akirudisha mashine iliyokuwa mlangoni kwake, mimi nikamchukulie pointi zake kwa nusu ya lori? Imeniuma, na sitamwambia mtu yeyote.

Mei 9, Alhamisi

Dalali hana breki mdomoni. Alipita kwa mwokaji kununua mkate, akamwaga yote, na dada alikuwa juu kwenye magunia anaanua shuka.

Jioni nilikuta shati langu la kazi, lile la bluu ambalo sijalivaa tangu mguu uvunjike, limefuliwa, limepigwa pasi, limetundikwa mahali ninapoweza kuliona.

"La nini hilo?" nikauliza. "Sina lori."

"Shati halijui," akasema.

Lilinukia mkate. Nikageukia upande wa ukuta, nikasingizia moshi.

Mei 20, Jumatatu

Plasta imekatwa. Mguu umetoka mwembamba kama wa mtu mwingine. Kitambulisho nacho kimedondoka mbele ya daktari, kimejikunja kwa umbo la paja langu. Daktari akauliza kama nilikuwa naogopa kupotea.

Dada kakichukua kwa ncha za vidole, kakifua kwa sabuni, kakiweka chini ya pasi baridi. Kisha akanirudishia. "Bado," akasema.

Mei 25

Mvua kidogo. Pointi mbili. Nimetembea mpaka getini kwa gongo moja.

Mei 29, Jumatano

Nimegundua dada ameanza tena kupita kwa wakopeshaji! Nilishtuka, nikamwita kwa sauti ya kaka mkubwa.

"Tulia," akasema. "Kitambulisho si unacho wewe? Nakwenda mikono mitupu. Nawauliza, mtu akikopa bei ya mashine, mwezi analipa ngapi, na jumla inakuwa ngapi? Wakisema niwape kitambulisho, nawaambia nimekiacha kwa kaka yangu, ni mkali sana. Hapo hawaandiki kitu, maana hawana cha kuandikia."

Kwa hiyo kuuliza bei hakukuwa kosa kamwe. Kosa lilikuwa kuwafungulia mlango wote waingie chumbani kabla hujajua nani anauza nini. Alichokuwa ameacha msimu mzima amekirudia kwa njia yake, na bei zote ziko tena kichwani.

Juni 1

Jua! Kamba zote tano uani, nyeupe tupu. Vidole ameanika hata godoro langu.

Juni 8, Jumamosi

Kliniki ya Jumamosi. Vidole akafungua simu, akaitazama, akampa mama yake. Dada akanipa mimi. Juu ya mstari kwa pointi nne.

Dada akakaa kwenye mkono wa kochi, mahali pale pale alipokaa siku ile na koti limelowa, akaniwekea kichwa begani. Kisha akasema, "Haya, watu wana shuka zao," akaenda kufua.

Juni 14, Ijumaa

Tumekwenda chama cha akiba na mikopo, dada na mimi. Nimevaa shati la bluu. Kitambulisho nilikibeba mimi mpaka kwenye meza, nikamkabidhi pale pale, bado kimejikunja kidogo.

Afisa ni kijana kweli kuliko nilivyofikiria. Alimkumbuka dada mara moja. "Mama wa nyanya!" akasema. Dada akamtandazia mezani foronya moja mpya, zawadi, akaisogeza karibu na pua yake. Yule binti akainusa, akafumba macho.

Kisha akavaa miwani, akaweka mikono kwenye kompyuta, na mara hii hakuinyanyua. "Mama, unaruhusu niangalie taarifa zako?"

Dada aliketi wima. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, vidole bado vina makunyanzi ya maji. Nilimtazama mtu niliyekuwa nikitembea hatua kumi nyuma yake sokoni, nikasogeza kiti changu kikagusana na chake.

"Angalia," akasema. "Mara moja tu. Lakini angalia vizuri."

Afisa akaangalia. Akachukua muda wake, kama alivyoombwa. Akasoma mpaka chini, akarudi juu, kisha akaigeuza kompyuta upande wetu, akasema mkopo umepita, mashine italetwa kabla ya mwisho wa mwezi, kiasi cha kila mwezi ni hiki, na hapa ndipo pa kuweka sahihi.

Nilishusha pumzi niliyoibeba tangu Machi. Nikatafuta gongo langu, nikaanza kunyanyuka.

Dada hakunyanyuka. Alichukua kalamu, akaitazama ile riba, akaiweka kalamu chini taratibu, akaegemea mbele, na nikaiona ile sura ninayoijua tangu utotoni.

"Sasa tuongee, mwanangu," akasema. "Hiyo ndiyo bei ya mwisho?"

Nikaketi tena, nikauweka mguu wangu vizuri, maana nilijua hatutoki humo mapema.